Mzoaji

Saa kumi haijagonga, na Dundee imeshawasha taa.
Mto Tay umekuwa risasi. Humu ndani, juu ya barafu,
seli zangu zimelala katika vijichupa,
nimezikata katikati ya neno.

Jana nilizidondoshea homoni.
Kipokezi kimoja mlangoni kikashtuka,
kikamgusa kinasi wa kwanza, naye wa pili, naye wa tatu,
kila mmoja akigonga muhuri wa fosfeti
mgongoni mwa mwenzake:
amka, peleka, amka, peleka,
hadi habari ikaingia kwenye kiini
na jeni ikafunguliwa kama duka.

Dakika tano. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Eilidh anainua filamu kwenye mwanga.
Dakika ya tano, mstari mweusi.
Ya thelathini, kijivu.
Saa nzima: hakuna kitu.
"Nani kaufuta?" nauliza, na jibu ninalo.
"Yule usiyempenda," anasema.

Kweli. Miaka mitatu nimewasifu wagonga mihuri,
fosfatasi nikamsukumia kwenye tanbihi,
kama mfagia ukumbi harusi ikiisha.

Lakini sahani ya pembeni
tulimfunga mikono kwa dawa.
Mstari ukabaki mweusi usiku kucha.
Seli zikazaana, zikapandiana,
zikakosa pa kukanyaga.
Wala hazikuasi.
Zilikuwa zikitii amri
ambayo hakuna aliyeitengua.

Kwetu husema maji yakimwagika hayazoleki.
Fosfatasi hakusikia methali hiyo.
Anachukua molekuli ya maji, moja tu,
anaipenyeza kati ya protini na muhuri wake,
na muhuri unabanduka.
Maji ndiyo yanayozoa!
Protini inabaki kimya, haina kovu,
tayari kuitwa tena.

Shomari, kaka yangu,
ulinigonga neno moja pale stendi ya Ubungo,
mbele ya wapiga debe na masanduku yangu mawili.
Miaka kumi na moja nimelibeba mgongoni,
nikalipitisha kwenye baridi ya nchi hii,
na kila sikukuu linaniamuru: usipige.
Nami natii.

Eilidh anazima taa ya filamu, anaaga.
Simu iko mfuko wa kushoto wa koti jeupe.
Navua glavu moja.
Ya pili imenatia jasho,
inakuja taratibu, kidole kwa kidole.