Ukurasa wa Mwakio

Habari ilinifika mafuta yakiwa motoni.
Kadzo alikuja mbio, kitambulisho cha chuo champiga kifuani:
"Mamake Bwanaheri, Mwakio kahama!"
Nikamuuliza, kahama nyumba?
"Kahama timu. Kaenda ng'ambo."

Ng'ambo ni pale tu.
Ukisimama nyuma ya uwanja wetu hapa Tudor,
penye ukuta uliobomoka,
waziona taa za chuo chao juu ya maji,
na upepo ukielekea huku
wasikia mpira wao ukidunda.
Si Ulaya. Ni tuktuk moja kupita darajani.
Lakini hapo ndipo hatukutaka aende.
Angekwenda Nairobi tungemchinjia mbuzi.

Kufika magharibi watu walijaa kama siku ya fainali,
ila mchezo hapana.
Odongo wa gereji alileta ngoma yake,
hakuipiga, aliikalia.
Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wasiomjua hata vizuri,
ndio waliolia zaidi.
Famau, aliyeandika jina la kocha ukutani
kwa rangi iliyobaki walipopaka geti,
alikuja na kopo la chokaa.
Akafuta M. Akafuta W.
Alipofika kwenye A akaketi chini.
Mpaka leo ukuta wetu wasema AKIO,
na wageni huuliza ni nani huyo.

"Msaliti!"
"Kanunuliwa! Wamempa nyumba Nyali, ya ghorofa!"
"Alikuja hapa na filimbi na raba zilizoshonwa kwa waya,
nani alimjua?"
"Na wewe ukiongezwa mshahara mara mbili, utakataa?"
Huyo wa mwisho alikuwa Bwanaheri wangu. Wakamzomea.
Ndipo mlinzi Chengo akasema, bila kuinua sauti,
"Mwezi wa tano huu chuo hakijamlipa.
Najua, kwa sababu hata mimi sijalipwa."
Watu wakatazama viatu vyao.
Halafu mmoja akasema tena "msaliti",
polepole, kama anayejaribu jino bovu kwa ulimi.

Kapteni hakusema lolote.
Alisimama peke yake kwenye mstari
akitupa mpira ringini, mara hamsini,
kama alivyozoeshwa kila jioni,
na ukikosa anarudi kwenye moja.
Tulimwacha gizani akiwa kwenye kumi na tisa.

Mimi nina daftari.
Ukurasa wa Mwakio ni kurasa tatu:
viazi karai, bajia, chai ya tangawizi,
viazi karai, viazi karai.
Hakuwa mlaji yeye. Aliwaleta wale vijana warefu
wenye njaa ya watu wawili wawili,
akanikonyeza, "Andika kwangu,"
nao wakadhani chuo ndicho kinacholipa.
Jumla: elfu nne, mia sita na thelathini.
Nilijiambia, basi, hizo zimeshavuka maji.

Saa nne usiku simu ikalia. M-Pesa.
Elfu nne, mia sita na thelathini.
Hata shilingi haikupungua.
Kumbe naye alikuwa akihesabu.
Nilifurahi kiasi cha pumzi moja,
kisha moyo ukanishuka.
Mtu wa kurudi huacha deni kidogo,
apate sababu ya kupita kwako.
Alipaye mpaka senti ya mwisho
anafunga mlango kwa adabu.

Jumamosi ya pili wanakuja kucheza kwetu.
Odongo amebadilisha ngozi ya ngoma.
Wamepanga wamzomee tangu ashuke garini
mpaka sauti ziwakauke, na wana haki yao.
Nami nitakuwa getini na karai langu.
Nitamfungia viazi sita kwenye gazeti,
ukwaju kando, kama apendavyo.
Akitia mkono mfukoni, nitaugeuza uso.
Ale.
Nitafungua ukurasa mpya mbele ya macho yake,
niandike jina, niandike mia na ishirini.
Adaiwe.