Ndoo ya Nane

Saa mbili na robo, Alhamisi, kibandani kwa Nampoto,
kingamuzi kiliganda mara mbili, kikarudi,
ndipo tukamwona Chitanda,
Chitanda wetu wa hapa Newala,
uso wameuziba kwa ukungu
lakini kaptula ni ile ile, kiraka cha gunia la korosho makalioni,
anazungusha ndoo juu ya kichwa chake
na maji hayamwagiki.

Watu laki tisa wameshamtazama, alisema mtangazaji,
"huyu kijana wa kijiji kimoja huko kusini."
Kijiji! Kibanda kizima kiliguna.
Tuna benki. Tuna stendi.

Alivaa koti jeupe lisilo na doa
na miwani aliyoivua kila alipotaka tumwamini.
Akaipunguza video mwendo
hadi mkono wa Chitanda ukawa kama wa mtu anayeaga.
Akachora mishale, mmoja mwekundu, mmoja wa njano.
Si hirizi, alisema. Wala si ujanja wa simu.
Maji yanataka kwenda zake moja kwa moja,
ndoo ndiyo inayoyakatalia.
Na pale juu kabisa, ndoo ikiwa kifudifudi,
maji yanaanguka, naam, yanaanguka kama siku zote,
ila ndoo inashuka upesi kuliko yenyewe.
Inayawahi.

Nililipenda neno hilo. Inayawahi.
Likoba fundi baiskeli, aliyeapa mwezi mzima
kwamba Chitanda ana kitu kiunoni,
alijikuna shingo, akaagiza soda.

Kisha wakajaribu wenyewe, kule studio.
Ndoo ya kwanza iliwamwagikia, wakacheka.
Ya pili waliimwaga makusudi, tulione kosa.
Ya tatu polepole. Ya nne wakaitia rangi ya bluu
ili ipendeze ikimwagika.
Sakafu yao ilimeremeta,
na nyuma yangu nikamsikia Bi Somoe, mama yake Chitanda,
anahesabu kwa vidole:
"Nusu dumu. Dumu. Dumu na nusu. Mawili.
Hawa watu wanachota wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilitazama miguu yangu,
maana mimi ndiye niliyeshika simu siku ile,
najua kwamba video ile ni ndoo ya nane.
Ya kwanza ilimlowesha yeye, ya pili ikanilowesha mimi,
ya tano mpini ulichomoka, kuku akaponea chupuchupu,
ya saba alilegeza mkono katikati
kwa sababu alimsikia mama yake anakohoa ndani.
Madumu matatu na nusu
yaliyopanda mlima kwa baiskeli ya mtu,
mwezi wa tisa, tangi linagonga,
korosho hazijauzwa.
Nilizifuta zote saba. Zilijaza simu.

Jioni ile Bi Somoe hakupiga mtu.
Alichemsha ming'oko kwa maji aliyooshea mchele,
tukala, tukamenya, hatukutazamana.
Kitu kile nacho kilikuwa na mshale wake,
sijui angeuchora kwa rangi gani.

"Msijaribu nyumbani," alimaliza mtangazaji,
na tulivyocheka Nampoto alitishia kuzima.

Usiku nilipita uani kwao kurudisha chaja.
Mbalamwezi ilikuwa kali, ungeokota sindano.
Bi Somoe alisimama peke yake kando ya tangi,
kata mkononi, maji nusu.
Alitazama njiani, akatazama jikoni,
upande wangu hakutazama.
Akaurudisha mkono nyuma
akazungusha, mara moja, kwa nguvu,
kanga ikamfunguka begani.

Halikudondoka hata tone.
Aliichungulia kata kwa muda
kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi,
kisha akayanywa.