Saa Moja Mjini Zabrze

Nilibandika tangazo kwenye mlango wa lifti
kwa gundi ya shule ya mwanangu:
Jumamosi, saa mbili na nusu usiku,
tuzime taa saa nzima, kwa ajili ya dunia.
Asubuhi nikakuta jibu, kwa kalamu ya risasi:
*Na lifti je, bibie? Au hiyo haili makaa?*

Mwandiko niliujua. Herufi zimesimama wima
kama magogo yanayohimili paa la mgodi:
Bogumił Szczotka, ghorofa ya tano,
miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi,
kikohozi chake hutangulia kushuka ngazi
kabla ya viatu.

Sikumlaumu. Katika mji huu
makaa ya mawe ndiyo yaliyotulea,
yaliyotusomesha, yaliyotuzika.
Ni nani mimi nimwambie mzee azime
alichokifukua kwa kucha?

Na dada yangu Halszka, wa zamu ya usiku
kwenye mitambo ya umeme, alishanicheka kwenye simu:
"Mwaka jana mlipozima, sindano ilipepesa jicho
ikarudi kulala. Bomba la moshi
halikujua kama kuna mtu amegusa swichi."
Kweli tupu. Sikuwa na la kujibu.
Nilizima hivyo hivyo.

Machi. Theluji nyeusi ukingoni mwa barabara.
Tymek akapanda kiti, pua kwenye kioo,
akahesabu jengo la mkabala:
"Tisa, mama. Yaliyozimwa ni tisa tu."
Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyealika watu
na keki ikabaki nzima.

Ndipo mlango ukagongwa.
Kikohozi kwanza. Kisha yeye,
mkononi taa yake ya kofia, imezimwa,
ameshuka ngazi kwa kupapasa ukuta.
"Nimekuja kuwaona mnavyoigiza giza."

Nikamvutia kiti. Akakaa kitambo bila neno,
tukisikia friji inavyonguruma
kama mgeni asiyepewa habari.
Halafu akasema, si kwangu, kwa mtoto:

"Paa lilipotushukia tulikuwa sita.
Msimamizi akaamuru: zimeni taa, ibaki moja.
Tukazima.
Jiwe halikusogea kwa sababu tumezima,
hapakuwa na mjinga wa kiasi hicho.
Lakini wakati taa zikiwaka
kila mtu alikuwa akiukodolea macho ufa wake.
Tulipozima, mmoja akataja jina lake.
Wa pili akataja lake.
Ikawa ndiyo kazi yetu usiku kucha.
Gizani ndipo tulipojua tuko wangapi,
na tulipojua tuko wangapi
ndipo tukaanza kugonga bomba, kwa zamu,
watusikie huko juu."

"Mkatoka wote sita?"

Mzee akakohoa, kikohozi kirefu.
"Hesabu madirisha, mtoto."

Akahesabu. Kumi na mawili.
La kumi na tatu likazimika mbele ya macho yetu;
huenda mtu alikwenda kulala tu.
Tulilihesabu.
Na huko ng'ambo, ndani ya weusi mmojawapo,
labda kulikuwa na kidole kidogo kiooni
kikituhesabu sisi.

Saa tatu na nusu niliwasha.
Mwanga ulitukuta tumekunja nyuso
kama watu walioamshwa kabla ya wakati.
Bogumił akaondoka bila kuaga,
kwa ngazi, si kwa lifti.

Jumatatu bomba la moshi lilikuwa palepale
likiandika angani maandishi yaleyale.
Sindano, nadhani, ilikuwa usingizini.
Lakini kwenye mlango wa lifti, chini ya tangazo,
herufi zilizosimama wima zilikuwa zimeongezeka:

*Mwakani semeni mapema, niwaambie wenzangu.
Na kati ya ghorofa ya nne na ya tatu
kuna kidato kimevunjika.
Miaka yote hii napanda lifti, sikujua.*