Dawa Isiyo na Rangi

Alfajiri, Songwe haina mlima.
Ukungu umemeza uwanja hadi taa ya mwisho
na ndege ya kunyunyizia mashamba inachuruzika mabawani
kama mbuzi aliyevushwa mto kwa nguvu.
Nafungua bolti ya nne.
Inatoka na unga mweupe, laini, kama wa muhogo,
na chini yake kishimo:
ncha ya kalamu inaingia.

Bibi yangu kule Kiwira alilijua jambo hili bila shule.
Usilaze kijiko cha chuma kwenye sufuria la mboga ya chumvi,
asubuhi utauona moto kupitia chini.
Tulidhani ni mwiko tu,
kama ule wa kufagia usiku.

Sasa naujua mwiko, na waliomo nawajua kwa majina.
Chuma. Bawa. Tone la maji lililolamba mbolea:
tayari ni betri, ingawa hakuna tochi ya kuwasha.
Umeme unatembea, na bawa ndilo linalolipa.

Wala si bolti peke yake.
Aluminiamu tupu ni laini, ungeikunja gotini;
ili ibebe mzigo angani waliichanganya na shaba,
na shaba ikajikusanya humo vipunje vipunje
visivyoonekana,
kila kipunje kinywa.
Kilichotupa nguvu ndicho kinachotutafuna.
Usiniambie hiyo ni methali.
Hiyo ni metali.

Fundi Ambakisye alinifundisha kwa kuimbisha, spana mkononi:

    Chuma kisiguse bawa
    ukungu ukiwa kati;
    weka kwanza yake dawa
    ndipo uikaze nati.

Dawa yake ilikuwa ya njano, kromati,
njano ya kiini cha yai la kienyeji.
Miaka ishirini na sita aliipuliza
na kipande cha kanga puani, basi.
Mabawa aliyoyapaka nayafungua hadi leo:
safi, kama ya jana.
Yeye tulimpeleka Rufaa mwezi wa Machi.
Picha ya kifua ilikuwa na vidoa
vyeupe.
Niliitazama kuliko daktari alivyotaka.
Vidoa vile nilikuwa navijua.

Leo nina chupa ya chumvi ya seriamu.
Kwa macho ni maji.
Lwitiko, mwanagenzi wangu, anaitikisa, anaiinua kwenye taa:
"Dada Tusekile, hii inafanya nini? Haina hata rangi."

Inasubiri, namwambia.
Haipigani na bawa zima.
Pale kinywa cha shaba kinapovuta hewa iliyo ndani ya maji,
pale pale ukali unapanda, kama wa magadi,
na ukali huo ndio unaoigandisha dawa
ikawa utando mwembamba kuliko uongo,
juu ya kinywa kile kile.
Mwizi anajifungia mlango mwenyewe.

"Kwa hiyo kutu imekwisha?"
Haijaisha. Tunaichelewesha.
"Mpaka lini?"
Mpaka ukaguzi ujao. Saa mia za kuruka.
Anacheka, akidhani namtania.

Na niseme jingine:
nyuma ya hanga nina vipande vya bati
ndani ya ndoo kuukuu, maji ya chumvi, tangu masika.
Vile vya njano vimewazidi wenzao kwa wiki tatu.
Nimeandika hivyo daftarini, kwa wino.
Nilitamani kufuta. Sikufuta.

Saa mbili ukungu unachanika upande wa Mbalizi,
na mlima unarudi mahali pake kana kwamba haukuondoka.
Napaka kishimo, nakiacha kinywe.
Bolti mpya, gundi, kiosha cha plastiki katikati
ili chuma na bawa wasijuane.

Simu inaita.
Kikohozi kwanza, kirefu. Kisha yeye:
"Umevaa glavu? Jasho nalo ni chumvi."
Nimevaa, Fundi.
"Na barakoa?"

Naishusha kidogo ili anisikie,
najibu,
naipandisha.
Nati ya nne inakaza.