Kabla Upepo wa Loleza Haujashuka

Jumamosi ya kwanza ya Juni, Mwanjelwa.
Belo linakatwa kamba, nguo zinamwagika
zimekunjamana kama watoto walioamshwa mapema.
"Buku tatu, buku tatu, chagua mwenyewe usije ukanilaumu!"
Lusekelo hatazami nyuso, anatazama mikono:
mkono unaopapasa pindo, mkono unaopeleka kwapa puani,
na wangu, unaoanza kwa kuhesabu vifungo.

Elfu sitini. Nilizigawa jana usiku kwa penseli
nyuma ya daftari la mahudhurio:
koti, viatu, vya ndani, nauli, dagaa.

Koti nalitaka lijue kazi nne.
Lisimame nami mstarini alfajiri
wakati darasa la tatu wanapuliza mvuke
na kujifanya wavuta sigara.
Liingie kanisani bila kuomba radhi.
Likae msibani, maana baridi hii haijawahi kupita mikono mitupu.
Na usiku, likitupwa juu ya blanketi, liwe blanketi.

La kijani ni zuri, lakini linaongea sana;
msibani litafika kabla yangu.
La kijivu limechanika bitana kwapani.
Hiyo ni sindano na jioni moja.
Nalipindua: kifungo cha akiba kimeshonwa ndani.
Aliyekishona, huko aliko, alijua
kwamba tutapoteza.
Nalichukua hilo.

Viatu viko kwa Subilaga, vimepangwa juu ya turubai,
vimepakwa mafuta ya kula ving'ae.
"Huu mchuchumio, mama, unaenda na kila kitu."
Na kila kitu isipokuwa barabara ya kwetu Isyesye,
ambayo Aprili ni tope na Agosti ni vumbi,
na katikati ni mawe yaliyochongoka.
Naujaribu hata hivyo.
Kwa dakika nzima nina kimo cha mtu anayesubiriwa.
Kisha nanunua buti za kahawia, kisigino kifupi,
kamba moja nyeusi, nyingine si nyeusi.

Vya ndani vinauzwa nyuma ya pazia la kitenge.
Hapo hakuna anayepiga kelele.
Wanawake tunachagua kama tunaochambua maharage,
macho chini, vidole vina haraka.
Marehemu mama, akiuza ndizi Tukuyu,
alivaa suruali ya ndani ya baba chini ya gauni la maua.
"Baridi haisomi lebo," alisema,
akacheka mpaka fundo la kilemba likalegea.
Kwa ajili yake natoa taiti mbili za sufu, nzito kama mkate,
na sidiria nyeupe yenye mikanda mipana,
ya kazi, isiyo na hadithi.

Ndipo naiona. Shimizi.
Rangi ya zambarau iliyoiva ikapitiliza,
lesi kifuani, upande mmoja imeshonwa tena kwa mkono.
"Inavaliwa na nini?" namuuliza muuzaji,
nikijitahidi sauti iwe ya mwalimu.
"Na chochote, dada. Haionekani."
Buku nne.
Nasimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama kwa koti,
na dagaa, zile dagaa, naziona zikirudi ziwani.

Jumatatu upepo ukashuka kama ulivyoahidi.
Mwalimu mkuu alisoma michango, jina kwa jina,
karatasi ikimpiga kidevuni.
Nami nilisimama mwisho wa safu:
buti, taiti, sketi ya shule,
kijivu juu ya yote, kwapa bado halijashonwa,
na chini kabisa, zambarau.
Itika wa darasa la tatu akanitazama kuanzia miguu,
akapanda taratibu, akafika usoni.
"Mwalimu, leo umenenepa."
"Ni Juni," nikamwambia.
Akakubali kwa kichwa, kama mtu mzima,
akapuliza moshi wake.