Jiwe la Kilo Ishirini

Wameniagiza niandike ya kumuaga,
mimi mhasibu, mtu wa safu mbili,
mtu wa kuingia na kutoka.
Nisameheni basi: utungo huu hauna mizani.
Mizani anayo Bi Khainza.

Kila Jumatatu, geti likiwa bado limefungwa,
malori ya Sironko yakipiga honi nje,
mkurugenzi wetu hushuka uani na viatu vya mpira,
miwani ikining'inia kifuani,
akamwita Wepukhulu, mpakizi, ampandishie jiwe.
Jiwe jeusi la mto Manafwa, kilo ishirini kamili.
Aliliokota mwaka alioajiriwa,
akalipeleka mwenyewe kupimwa kwa watu wa serikali.
Jiwe halina mjomba, husema.
Jiwe halipokei bahasha.

Babake alilima kahawa Bududa, juu kule
ambako mvua ikizidi mlima huteremka na nyumba za watu.
Alishusha magunia, akapanda na maneno.
"Hakuibiwa kwa panga," aliniambia siku moja
tukila malewa ofisini, bakuli moja, vijiko viwili.
"Aliibiwa kwa mshale.
Huu mwembamba, wa mizani."

Ukaja msimu ule jiwe likasoma kumi na tisa na robo.
Robo tatu ya kilo, kila ishirini, miezi mitatu.
Nilipiga hesabu usiku, nikapata tarakimu
ambayo kalamu ilikataa kuiandika.
Bodi wakapiga simu kutoka Kampala:
Nani ameona?
Akajibu: "Jiwe."

Tulirudisha. Kijiji kwa kijiji, jina kwa jina,
hata wajane waliokuwa wamekwisha kusahau.
Marupurupu ya wakubwa yakakatwa, yake ya kwanza,
gari likauzwa, miezi minane akaja na bodaboda,
mwavuli kwapani, sketi imefungwa kwa pini.
Na yangu yakakatwa pia.
Sitasema uongo katika karatasi ya kumuaga mtu:
nilimlaani.
Nyumba yangu Nkoma ilikuwa inangoja mabati,
na mvua ya mwaka ule ilinyesha kitandani.

Lakini hili ndilo ninalotaka kuliandika,
na sijui niliweke safu gani.
Mwaka wa tohara, mwanawe Kuloba alipakwa kimea,
akacheza ngoma siku tatu, njuga mapajani,
akasimama uani kwa wajomba, macho makavu.
Mahali pa mama ni ndani ya nyumba siku hiyo.
Mahali pake aliketi mama mdogo.
Yeye alikuwa Kampala, katika kiti cha benki,
akimngoja meneja amalize chai,
ili watu mia mbili na kumi na wawili
wapate mshahara kabla ya Jumamosi.

Alifika usiku. Ngoma zimenyamaza,
pombe imekauka midomoni mwa wazee.
Kijana alikuwa ameketi, blanketi mabegani.
"Mama," akasema, "sikutikisika."
Basi. Hakusema jingine.
Na mshahara ulitoka Ijumaa, nakumbuka,
nilisaini mimi.

Alinisimulia mara moja tu, tumesimama uani,
akitazama mshale ukitulia.
"Hiyo," akauliza, "nani atanipimia?"
Nikafungua mdomo, mimi mjuzi wa hesabu.
Lori la Budadiri likapiga honi. Akaenda kufungua.

Jana amebeba kikombe, kalenda, picha ya Kuloba
akiwa na joho la chuo, hacheki.
Jiwe ameliacha.
Mkurugenzi mpya, kijana msafi, viatu vinang'aa,
ameniuliza kama ni pambo.
Nimemwambia asubiri Jumatatu,
na aje na viatu vya mpira.