Sehemu ya Nne: Eleza Sababu

Fomu imeacha mistari sita.
Wanataka sababu, na kiambatisho:
cheti cha hospitali, au cha kifo cha mzazi.
Baba yangu mzima. Asubuhi hii kaenda Kisesa
kuulizia bei ya mashudu.
Mimi mwenyewe sikuugua hata mafua.

Nilidisko, basi.
Neno jepesi, utadhani kulikuwa na muziki.
Morogoro, ubaoni, niliisoma orodha
kutoka juu, kutoka chini, kisha kwa kidole:
Lugembe, Luhende, Masunga.
Kati ya Luhende na Masunga
palikuwa mahali pa Maduhu.
Karatasi haikuacha hata nafasi ya unywele.

Rasimu ya kwanza niliandika: *changamoto za kifamilia.*
Nikafuta. Familia ilifanya yake.
Ng'ombe watatu walikwenda mnadani Misungwi,
mmoja yule mwekundu mwenye baka kifuani
aliyenifundisha kukamua kwa mateke.

Rasimu ya pili: *mazingira magumu ya kujisomea.*
Chumba kilikuwa na dirisha, na taa, na meza.

Ukweli hauna kiambatisho.
Wiki ya tatu, mwalimu aliweka mfupa mezani
akasema, Mbuke, wewe mtoto wa wafugaji,
waambie wenzako huu ni wa mguu gani.
Darasa zima likanigeukia kwa heshima.
Nikakohoa. Nikasema wa nyuma.
Ulikuwa wa mbele.
Tangu siku hiyo sikuuliza kitu.
Aliyezaliwa zizini aulize nini?
Nikawa naamka saa nne, kisha saa sita,
na sapu zilipokuja nilizipokea
kama mtu anayepokea barua ya jirani.

Sasa mwaka wa pili nauza dawa Igoma:
za kupe, za minyoo, chumvi ya kulamba.
Wateja wananiita daktari.
Silitumii jina hilo.
Silikatai vilevile.

Juzi usiku nikaitwa Kayenze,
kwa Milembe, mjane, ng'ombe wake mmoja tu.
Bwana mifugo alikuwa ng'ambo, kivuko kimelala.
Nikaosha mkono kwa sabuni ya kipande, hadi begani,
nikaingia gizani mle, kwenye joto,
nikakuta mguu mmoja.

Mbele au nyuma?

Hakuna aliyenitazama safari hii,
Milembe kashika taa, anatazama mkia.
Nikakunja kifundo cha kwanza.
Nikapanda, nikakunja cha pili:
kikafuata upande uleule.
Wa mbele.
Basi kichwa kimegeukia ubavuni, nikakitafuta,
nikakirudisha kwa vidole viwili puani,
ng'ombe akinibana mkono hadi ukafa ganzi,
na alfajiri ndama akatoka, mzima wa umbo,
kwato laini kama ufizi,
hapumui.

Tulimsugua kwa majani. Tukamning'iniza.
Mama yake akasimama, akamlamba hivyo hivyo.

Milembe hakulia. Aliuliza tu,
Daktari, kwa nini amekufa?

Ziwa lilikuwa limeleta magugu hadi kwenye kinyweo.
Niliyatazama muda mrefu kuliko yanavyostahili.
Nikasema, sijui, mama.
Akanifungia dagaa kwenye gazeti.

Kwa hiyo leo, steshenari ya Nyakato,
kwa peni ya kuazima, nimeandika mistari miwili:
*Niliona aibu kuuliza.
Yapo mambo nataka kuuliza.*
Mistari minne imebaki mitupu.

Kijana wa kuskani kaigeuza karatasi,
katazama nyuma, katazama tena mbele.
Dada, kiambatisho?
Sina.
Watakurudishia hii.
Huenda. Bei gani?

Mia tano. Nikampa kwa mkono wa kulia,
ule ambao hadi sasa
haujaacha harufu.